Umbo Linapokataa Kugawanyika: Kutatua Matatizo ya Kukata Maumbo Yabisi Yasiyo na Ulinganifu

Mchemraba haumsumbui mtu. Ukiupitishia bapa, yaani uso tambarare usiopinda, katikati na kuiamuru programu ya usanifu wa kihandisi iukate, unapata nusu mbili papo hapo. Taabu huanza pale umbo linapokuwa la mpini wa chombo, kasha la pampu, mfupa uliochukuliwa kwa skana, au kitu chochote chenye mabonde, matundu na mipindo isiyofuata kanuni moja. Hapo amri ileile iliyofanya kazi jana hujibu kwa ujumbe mfupi usioeleza kitu, au hukubali kimyakimya na kuleta vipande ambavyo hukuvitarajia.

Ili kuelewa kinachokwama, ni lazima kujua kwanza kinachotendeka ndani. Programu nyingi za usanifu wa kihandisi hazihifadhi umbo yabisi kama donge lililojaa. Huhifadhi ngozi yake tu: nyuso, kingo ambako nyuso hukutana, na vipeo ambako kingo hukutana. Ujazo hutokana na imani ya programu kwamba ngozi hiyo imefunga pande zote bila ufa. Kwa hiyo kugawanya umbo ni kazi ya hatua tatu. Programu hutafuta mistari ambamo kikatio kinakutana na kila uso wa umbo. Kisha huiunga mistari hiyo ncha kwa ncha mpaka ipatikane kitanzi kilichofunga, au vitanzi kadhaa. Halafu hushona ngozi mpya kwa kila upande wa kitanzi. Kikatio hapa ni kitu chochote kinachotumika kukatia, liwe bapa, uso uliopinda, au umbo jingine. Hitilafu nyingi nilizokutana nazo zilitokea katika hatua ya pili: kitanzi hakikufunga. Dalili zinazofuata ni nyingi, lakini swali la kujiuliza mbele ya kila moja ni lilelile: kitanzi kimekatikia wapi, na ni nani aliyekikata, umbo au kikatio?

Jaribio la kufanya kabla ya kugusa chochote

Usirekebishe kitu kabla hujajua kosa liko upande upi. Ficha kikatio chako, weka bapa la kawaida linalopita katikati ya umbo kwa mwelekeo usiolingana na uso wake wowote, kisha ulikate umbo kwa bapa hilo. Halafu tengeneza sanduku lenye vipimo vya nje vya umbo lako, mahali palepale, ulikate kwa kikatio chako cha awali. Umbo likikatika kwa bapa na sanduku likakataa kukatika kwa kikatio, umbo halina kosa. Umbo likikataa bapa na sanduku likakatika, kosa ni la umbo. Vyote viwili vikifaulu, kila upande ni mzima peke yake na tatizo liko pale vinapokutana, jambo ambalo nitalieleza kwa urefu chini. Vyote viwili vikishindwa, jitayarishe kufanya kazi mbili.

Ninalisisitiza jaribio hili kwa sababu niliwahi kulipuuza. Nilikuwa na kasha la pampu lililotoka kwenye skana, na programu ikasema kwamba operesheni imeshindwa kwa sababu ya jiometria batili. Kwa kuwa umbo lilitoka kwenye skana, sikusita kulishuku. Nikatumia siku mbili kushona nyufa na kufuta nyuso ndogondogo. Siku ya tatu nililikata kwa bapa la kawaida, likagawanyika mara moja. Kumbe kikatio ndicho kilichokuwa kifupi: katika kona moja, nyuma ya sikio la boliti, uso wake uliishia milimita 0.4 kabla ya kutokea nje.

Programu inadai kikatio hakikutani na umbo, ingawa machoni kinapita

Hii ndiyo dalili ya kawaida kuliko zote, na kisababishi chake mara nyingi ni hicho nilichokisimulia. Msumeno uliosimama katikati ya ubao haujaugawa ubao, hata kama umebakiza unene wa karatasi. Katika umbo lisilo na ulinganifu, sehemu inayochomoza zaidi huwa nyuma ya kitu kingine, na kwa kulitazama umbo kutoka mbele huwezi kuiona. Zungusha mtazamo mpaka uone ukingo wote wa kikatio ukiwa nje ya umbo, au, kwa usahihi zaidi, amuru programu ichore mistari ya makutano peke yake bila kukata. Programu nyingi zina amri ya namna hiyo. Ukiipata mistari, ifuate kwa jicho kuanzia nukta moja hadi urudi palepale. Inapokatika ndipo pa kurekebisha.

Kurefusha kikatio kuna hila zake. Bapa halina mwisho, kwa hiyo halina shida. Uso uliotokana na kusukuma mstari hurefuka bila matata katika mwelekeo wa msukumo, lakini ukiurefusha kwa kufuata mpindo wa mstari wenyewe, unaweza kujikunja na kurudi ndani ya umbo. Uso huria, yaani ule unaofuata mistari iliyopinda kwa namna isiyo na fomula rahisi, ndio hatari zaidi, kwa maana programu ikiuendeleza kwa mpindo uleule hujikunja baada ya milimita chache. Ukiruhusiwa kuchagua, chagua marefusho yaliyonyooka yanayoendeleza mwelekeo wa ukingo, wala si yale yanayoendeleza mpindo. Katika programu ya Fusion, amri ya kugawanya umbo ina chaguo la kurefusha kikatio lenyewe. Ni la msaada kwa mabapa na nyuso rahisi, ila kwa uso huria mimi hulizima na kurefusha kwa mkono, ili nikione ninachokatia. Njia bora kuliko zote ni kuchora kikatio kipana tangu mwanzo, kizidi vipimo vya nje vya umbo kwa milimita 5 au 10 kila upande. Upana wa ziada haugharimu kitu.

Ikiwa kikatio kimeundwa kwa vipande kadhaa vya nyuso, hakikisha vimeshonwa kuwa kimoja. Nyuso mbili zinazoonekana kugusana kwenye skrini zinaweza kuwa zimeachana kwa mikroni 2, na kitanzi hukatikia hapohapo. Baada ya kushona, iambie programu ikuonyeshe kingo zilizo wazi: zinapaswa kuwa zile za mzunguko wa nje tu. Ukingo wowote ulio wazi katikati ya kikatio ni ufa. Matundu nayo yaangaliwe hivyohivyo, hasa kwa wanaotengeneza uso wa kutenganisha kalibu. Tundu la kikatio likiangukia mahali ambapo umbo lenyewe lina tundu, hakuna neno, kwa kuwa hapo hakuna kitu cha kukata. Likiangukia mahali penye nyama, umbo litabaki limeshikana kupitia kwenye tundu hilo na halitagawanyika.

Kuna pia kikatio kinachojikata chenyewe. Hutokea sana mtu anapochukua uso wa umbo na kuusogeza sambamba kwenda upande wa ndani wa mpindo. Uso wenye mpindo wa nusu kipenyo cha milimita 2 ukisogezwa milimita 3 hauna pa kwenda. Hupita kitovu cha mpindo wake na kujipinda upande wa pili. Pima mpindo mdogo kuliko yote kabla ya kusogeza, na ukikuta ni mdogo kuliko umbali unaoutaka, kata kwanza sehemu hiyo kwenye uso, sogeza iliyobaki, kisha ziba pengo kwa uso mpya.

Umbo ni zima, kikatio ni kizima, lakini vikikutana havikatani

Sasa tumefika mahali pagumu zaidi, na ningependa tukae hapa kidogo, kwa kuwa watu wengi hudhani programu ina kasoro ilhali wanaiuliza swali lisilo na jibu la hakika.

Chukua mgongo ulioviringwa kwa nusu kipenyo cha milimita 10, na bapa linaloupapasa juu kabisa, yaani linaugusa bila kuuingia. Ukilishusha bapa kwa milimita 0.001, linaingia ndani ya mgongo na kuchonga ukanda wenye upana wa milimita 0.28. Ukilipandisha kwa kiasi hichohicho, haligusi kitu. Badiliko dogo kuliko uchakavu wa kifaa chochote cha kukatia limezaa tofauti kati ya ukanda unaoonekana kwa macho na kutokuwepo kwa chochote. Injini ya jiometria, yaani sehemu ya programu inayofanya hesabu za maumbo, inapotafuta mstari wa makutano mahali kama hapo, kila duru ya hesabu huleta jibu lililo mbali na la kwanza, na mwishowe huacha. Vivyo hivyo nyuso mbili zinapokutana kwa pembe finyu sana: kwa pembe ya digrii 0.1, kosa lolote la kimo huongezeka mara 570 hivi linapohamia kwenye mahali pa mstari.

Kila injini ina kikomo chake cha kuamua kwamba nukta mbili ni moja. Parasolid, injini inayotumika ndani ya programu za SolidWorks, Siemens NX na Onshape, huziona nukta mbili kuwa moja zikikaribiana kwa chini ya milimita 0.00001. Open CASCADE, iliyo ndani ya FreeCAD, ina kikomo cha kawaida cha 0.0000001 katika kipimo cha mchoro. Kati ya vikomo hivyo na kile kinachoonekana kwa macho kuna eneo pana ambamo vitu viwili si vimoja wala havijaachana vya kutosha. Kikatio chako kikiangukia humo, amua kimoja: ama vilingane kabisa, ama viachane waziwazi.

Kulingana kabisa kunapatikana kwa kutumia uso uliopo badala ya kuandika namba. Tuseme umbo lina uso ulio katika theluthi ya urefu wa milimita 100, nawe ukachora bapa jipya kwa kuandika 33.33. Bapa hilo na uso huo vimeachana kwa milimita 0.0033, na ukikata utapata ganda lenye unene wa mikroni 3 ambalo litakusumbua mpaka mwisho wa kazi. Ukiuchagua uso wenyewe kuwa kikatio, au ukalifunga bapa kwenye uso huo, hakuna mwachano. Kuachana waziwazi maana yake ni kukisogeza kikatio kwa milimita 0.05 au 0.1, kiasi ambacho kwa kazi nyingi hakidhuru, ukijiandikia mahali kwamba umefanya hivyo.

Mviringo wa kingo, yaani ukingo mkali uliolainishwa ukawa mpindo, ndio unaozalisha sehemu kubwa ya matatizo haya, kwa kuwa umeumbwa ili upapase nyuso za jirani. Ushauri wangu ni kuiondoa miviringo kwa muda, kugawanya umbo likiwa na kingo kali, kisha kuirudisha kwa kila kipande. Hata pale ambapo kukata pamoja na miviringo kungewezekana, vipande vinavyotokana na njia hii huwa safi zaidi, na kingo zake huendelea kukubali kuhaririwa.

Jambo dogo kwa watumiaji wa FreeCAD: silinda iliyofunga ina ukingo wa mshono unaopita kwa urefu wake, mahali ambapo mwanzo na mwisho wa uso hukutana. Bapa likipita juu ya mshono huo barabara, kukata kunaweza kushindwa pasipo sababu inayoonekana. Zungusha silinda kwa digrii chache kwenye mhimili wake, na mshono utahama bila umbo kubadilika.

Ujumbe unataja unene wa sifuri

Umbo lenye vilima viwili vinavyounganishwa na tandiko, yaani sehemu iliyoinama kati yao, lina kimo kimoja cha hatari. Bapa likipita juu ya tandiko, makutano ni vitanzi viwili vilivyoachana. Likipita chini ya tandiko, makutano ni kitanzi kimoja kirefu. Likipita kwenye kimo cha tandiko lenyewe, vitanzi viwili hugusana kwa nukta moja na kufanya mchoro wa tarakimu 8. Kipande cha juu basi ni vilima viwili vilivyoshikana kwa nukta isiyo na upana, kitu ambacho hakiwezi kutengenezwa kwa mashine yoyote, na ambacho injini nyingi hukataa kukiita umbo yabisi kimoja. Hali kama hiyo hutokea sehemu mbili zinapogusana kwa ukingo mmoja, ambapo ukingo huo hutumiwa na nyuso 4 badala ya 2. Dawa ni ileile ya kuamua: sogeza kikatio ili sehemu hizo ama ziungane kwa upana unaopimika, ama zitengane. Katika SolidWorks unaweza pia kukubali zitoke zikiwa vipande tofauti na kuvichagua kimoja kimoja katika orodha ya amri ya kugawanya.

Umbo limetoka kwenye programu nyingine

Jaribio la mwanzo likionyesha kwamba umbo ndilo lenye kosa, mara nyingi limeletwa kwa faili. Faili za IGES, ambao ni muundo wa mwaka 1980, kwa kawaida hubeba nyuso zisizoshonwa. Kazi ya kuzishona huachiwa programu inayopokea, na pengo lililopita kikomo hubaki wazi. STEP, ambayo ni kiwango cha kimataifa ISO 10303 kilichoanza kuchapishwa mwaka 1994, hubeba umbo pamoja na maelezo ya nyuso zipi zinapakana na zipi, kwa hiyo huvuka salama zaidi. Ukiwa na uwezo wa kumrudia aliyekutumia faili, mwombe STEP badala ya IGES. Na kama programu yake na yako zinatumia injini moja, mwombe faili ya asili ya injini hiyo. Barua moja ya namna hii imeniokolea saa nyingi kuliko kifaa chochote cha kurekebisha.

Ikiwa huwezi kupata faili nyingine, tumia kipimo cha uzima kilichomo ndani ya programu. FreeCAD ina ukaguzi wa jiometria kwenye benchi la Part, na kwenye mipangilio yake unaweza kuwasha ukaguzi wa ziada unaogundua nyuso zinazojikata. SolidWorks ina uchunguzi maalumu wa maumbo yaliyoletwa, unaotaja nyuso mbovu na mapengo moja baada ya jingine. Ukikuta uso mbovu, ufute na uujenge upya kutoka kwenye kingo zake. Epuka kishawishi cha kuongeza tu kikomo cha kushona mpaka malalamiko yanyamaze, kwani mapengo hubaki palepale na yatakutokea tena utakapotaka kuweka mviringo au kusogeza uso.

Wakati mwingine ukaguzi hausemi kitu na umbo bado linakataa. Hapo ninatafuta ubovu kwa kugawa nusu kwa nusu. Bapa lisilogusa uso mbovu mara nyingi hukata vizuri, hata kama umbo zima lina kasoro. Kata mahali panapokubali, weka kando kipande kinachokatika bila shida, endelea na kile kinachokataa. Kwa mikato 6 iliyogawa sawasawa unakuwa umefikia sehemu 1 kati ya 64 ya umbo, na uso wenye kosa huonekana wenyewe: wembamba kama uzi, au wenye ukingo uliojifunga fundo.

Umbo ni wavu wa pembetatu

Faili ya STL si umbo yabisi. Ni orodha ya pembetatu, tena isiyotaja kipimo, kiasi kwamba kitu cha milimita 80 kinaweza kufunguka kikiwa cha inchi 80. Programu ikiibadilisha moja kwa moja kuwa umbo yabisi, kila pembetatu huwa uso unaojitegemea. Faili ya STL ya binari ina baiti 84 za mwanzo na baiti 50 kwa kila pembetatu, kwa hiyo faili ya baiti 10,000,084 ina pembetatu 200,000. Kuiomba injini iliyoundwa kwa ajili ya nyuso mia kadhaa ishughulikie nyuso 200,000 ni kuialika kompyuta isimame. Kata wavu ungali wavu, kwa zana za wavu, kisha badilisha vipande. Au punguza pembetatu kwanza mpaka idadi ishuke chini ya 20,000 hivi, ukilinganisha umbo la kabla na la baada ili usipoteze kona za muhimu.

Kabla ya yote, angalia kama wavu umefunga. Njia ya haraka ninayoitumia ni kutazama idadi ya pembetatu. Kila pembetatu ina kingo 3, na katika wavu uliofunga kila ukingo hutumiwa na pembetatu 2, kwa hiyo idadi ya pembetatu lazima iwe shufwa. Ukikuta 48,317, wavu huo haujafunga, na huna haja ya ushahidi mwingine. Ukikuta namba shufwa hujathibitisha chochote. Endelea na ukaguzi wa mashimo, wa pembetatu zinazopenyana, na wa zile zilizogeuza mgongo nje. Hizi za mwisho huifanya programu ichanganye ndani na nje, na dalili yake ni kipande kinachotoweka baada ya kukata au ujazo unaosomeka hasi.

Umbo liko mbali na sifuri ya mchoro

Michoro inayotokana na upimaji wa ardhi au na mkusanyiko mkubwa huweza kukaa mamia ya mita kutoka sifuri, yaani nukta ambako vipimo vyote vya mchoro huanzia. Namba katika STL ya binari huhifadhiwa kwa biti 32, zinazotosha tarakimu 7 tu. Katika umbali wa milimita 500,000, namba mbili zinazofuatana zimeachana kwa milimita 0.03125, na hakuna kipeo kinachoweza kukaa katikati yake. Injini za maumbo yabisi hutumia biti 64 na hustahimili zaidi, lakini nazo hupoteza tarakimu katika kila hatua ya hesabu. Hamishia umbo na kikatio karibu na sifuri, kata, kisha virudishe vilipokuwa. Kwa STL, uhamisho ufanyike kabla faili haijaandikwa. Ukishaandika, tarakimu zilizopotea hazirudi.

Vipande vimetoka, lakini ni maganda matupu

Katika programu ya Rhino, amri ya kawaida ya kugawanya hukata nyuso tu na kuyaacha maganda wazi mahali pa mkato. Si kosa, ndivyo ilivyokusudiwa. Tumia BooleanSplit, au ziba uwazi kwa Cap ikiwa mkato ni bapa, kwa kuwa Cap haizibi uwazi uliopinda.

Vipande ni vingi au vichache kuliko ulivyotarajia

Bapa linalopita kwenye umbo lenye vidole vitano huacha vidole vitano upande mmoja. Programu hutofautiana katika kuvihesabu. SLICE ya AutoCAD haitoi zaidi ya maumbo mawili kwa kila umbo lililokatwa, kwa hiyo vidole vyote vitano hutoka kama umbo moja lenye sehemu zilizoachana. Amri ya SOLIDEDIT ina chaguo la kuzitenganisha. FreeCAD hukupa amri mbili, moja inayoacha vipande ndani ya kifurushi kimoja na nyingine inayovitawanya.

Vikizidi kuliko akili inavyokubali, tafuta chembe. Panga vipande kwa ujazo, uanze na kilicho kidogo. Chembe ya milimita za ujazo 0.02 haikutokana na nia yako. Imetokana na kikatio kinachopapasa uso, na dawa yake iko katika sehemu ya makutano hapo juu. Usiifute tu. Ukiifuta, tundu lake hubaki katika kipande cha jirani.

Mkato umefaulu, kisha hatua zilizofuata zikavunjika

Programu zinazohifadhi historia, yaani orodha ya hatua zilizounda umbo, hukumbuka uso kwa jina la ndani, na kugawanya umbo hugawanya nyuso zake pia. Tundu lililokuwa limefungwa kwenye uso wa kwanza halijui sasa liko kwenye nusu ipi. FreeCAD ilisumbuliwa na jambo hili kwa miaka mingi, na toleo lake la 1.0 la mwaka 2024 limelipunguza sana, lakini hakuna programu ya historia iliyo salama kabisa. Weka hatua ya kugawanya baada ya zile zinazounda umbo zima na kabla ya zile zinazohusu kipande kimoja tu, na matundu ya pini au boliti yanayopita vipande vyote viwili yatobolewe kabla ya mkato ili yabaki katika mstari mmoja. Ukikisogeza kikatio baadaye, angalia kama vipande havijabadilishana majina. Nimewahi kuona nusu ya kushoto ikibeba maandishi ya nusu ya kulia kwa sababu hiyo.

Mwishoni mwa kila mkato, dalili iwe imeonekana au haijaonekana, jumlisha ujazo. Umbo la milimita za ujazo 184,320 likitoa kipande cha 97,415 na kingine cha 86,905, hakuna kilichopotea. Jumla ikipungua, kuna chembe iliyotupwa au ganda lisilofunga. Ikizidi, kuna sehemu iliyohesabiwa katika vipande vyote viwili, na ukiwasha mwonekano wa makutano kati ya vipande hivyo utaiona mahali ilipo.